Kisukari kwa mgonjwa anayesafishwa damu: Sukari kushuka yenyewe si ishara ya kupona

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa aliyeishi na kisukari kwa miaka 15 au 20, akihangaika na sukari isiyotaka kushuka, anaweza kufikia hatua ya kusafishwa damu na kukuta kwamba sukari ile ile sasa inashuka bila kusukumwa. Kipimo kilichozoea kusoma 14 kinasoma 8, baadaye 6. Nyumbani habari hiyo hupokelewa kwa furaha. Wapo wanaoamini kwamba dawa za mitishamba hatimaye zimefanya kazi, wapo wanaosema mashine imesafisha sukari yote, na wapo wanaoacha kupima kwa kuwa hawaoni tena sababu ya kujichoma kidole.

Maelezo ya kitabibu ni tofauti. Katika hatua hiyo sukari hushuka hasa kwa sababu figo zimeshindwa kazi, na mgonjwa anayeendelea kutumia dozi za zamani yumo katika hatari ya kupoteza fahamu akiwa usingizini, njiani au kwenye kiti cha kusafishiwa damu. Makala haya yanaeleza kwa nini kanuni ambazo mgonjwa alifundishwa tangu siku ya kwanza ya kliniki ya kisukari hubadilika anapoanza dayalisisi, na mambo ambayo yeye na familia yake wanapaswa kuyafuatilia pamoja na daktari.

Kisukari ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kushindwa kazi duniani, sambamba na shinikizo la juu la damu. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Huduma ya kusafisha damu, ambayo kwa miaka mingi mwananchi aliifuata katika hospitali chache kubwa, sasa inapatikana pia katika hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo idadi ya familia zinazolea mgonjwa mwenye hali zote mbili kwa pamoja si ndogo. Vipimo vyote vya sukari vinavyotajwa hapa ni kwa milimoli kwa lita, kama vinavyosomeka kwenye mashine nyingi za kupimia sukari nchini.

Figo na insulini

Wengi wanafahamu kwamba figo huchuja taka na kuondoa maji ya ziada. Kazi zake mbili nyingine hazitajwi sana, nazo ndizo zinazobadilisha mwenendo wa sukari.

Ya kwanza ni kuivunja insulini. Insulini inayotoka kwenye kongosho hupitia kwanza kwenye ini, ambako karibu nusu yake huondolewa kabla haijasambaa mwilini. Insulini ya sindano haipiti njia hiyo. Huingia kwenye damu kutoka chini ya ngozi, na figo ndizo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuiondoa. Figo zinaposhindwa, insulini iliyochomwa asubuhi hubaki kwenye damu kwa muda mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye kikaratasi cha dawa. Uniti 20 zilizokuwa zikimtosha mgonjwa miaka mitano iliyopita zinaweza leo kuwa nyingi kupita kiasi, ingawa chupa ni ile ile na mkono unaochoma ni ule ule.

Ya pili ni kutengeneza sukari. Mtu anapokaa bila kula usiku kucha, ini hutoa sukari ili ubongo usikose nishati, na figo husaidia kazi hiyo kwa kiasi ambacho si kidogo. Figo zilizoharibika haziwezi kutoa msaada huo. Mgonjwa aliyelala na njaa, mwenye insulini inayochelewa kuondoka na asiye na figo za kumwongezea sukari, hubaki akilitegemea ini peke yake. Ongeza hapo hamu ya kula iliyopungua, kichefuchefu na kukonda kunakoambatana na sumu kurundikana kwenye damu, na sababu za sukari kushuka zinakuwa zimekamilika.

Upo upande wa pili wa jambo hili. Sumu hizo hizo huufanya mwili usiitikie insulini vizuri, na dayalisisi inapoanza kuziondoa, mwili huanza kuitikia tena; sukari hushuka zaidi. Lakini mgonjwa akishapata nafuu hamu ya kula hurudi, na sukari huweza kupanda. Ndiyo maana wiki za mwanzo za kusafishwa damu ni kipindi cha kupima sukari mara nyingi kuliko kawaida, hata kwa mtu aliyekuwa akipima mara moja kwa siku.

Kama mahali pa kuanzia, ushauri wa kitabibu unaofuatwa na wengi ni kupunguza insulini kwa takriban robo pale uwezo wa figo wa kuchuja unaposhuka chini ya mililita 50 kwa dakika, na kwa takriban nusu unaposhuka chini ya 10. Hayo ni makadirio ya daktari, na hurekebishwa kwa kufuata daftari la vipimo la mgonjwa mwenyewe. Si hesabu ya kufanyia nyumbani. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, hapaswi kuiacha insulini hata siku moja kwa kisingizio kwamba figo zimeshindwa. Dozi yake hupunguzwa, haifutwi.

Kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, daktari huweza kusimamisha dawa zote za sukari na vipimo vikabaki vizuri. Wataalamu huizungumzia hali hiyo kama moto uliokwisha kuni. Mfano huo unaeleweka, ila unapotosha kidogo, kwa sababu mishipa ya macho, ya miguu na ya moyo iliyoumia kwa miaka mingi haiponi kwa sukari kushuka. Mgonjwa wa namna hii bado anahitaji kuchunguzwa macho, kukaguliwa miguu na kupimwa sukari, kwani moto huo huwaka tena akipata maambukizi au akipewa dawa za jamii ya steroidi.

Kipimo cha miezi mitatu kinapodanganya

Mgonjwa wa kisukari anaijua HbA1c, kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hufanya kazi kwa kupima sukari iliyonata kwenye seli nyekundu za damu, kwa kudhani kwamba seli hizo huishi kwa takriban siku 120. Kwa anayesafishwa damu dhana hiyo haisimami. Seli zake huishi muda mfupi zaidi. Nyingine hupotea kwenye mashine. Na sindano za eritropoietini anazochomwa kutibu upungufu wa damu huingiza seli changa ambazo bado hazijakaa na sukari muda wa kutosha. Akiongezewa damu, sehemu ya seli zinazopimwa ni za mtu mwingine.

Matokeo yake ni kwamba, mara nyingi, kipimo husoma chini ya hali halisi. Karatasi ya maabara inaweza kuonesha asilimia 6.2 na mgonjwa akasifiwa kwa nidhamu yake, ilhali sukari yake baada ya chakula hufika 15. Kinyume chake hutokea pia: upungufu wa madini ya chuma huweza kukifanya kipimo kisome juu. HbA1c haijapoteza maana, kwani mwelekeo wake kwa mgonjwa yule yule katika miezi kadhaa bado una taarifa. Lakini haipaswi kuwa msingi pekee wa kuongeza au kupunguza dawa. Mgonjwa aliyeongezewa damu karibuni amkumbushe daktari kabla matokeo hayajasomwa.

Vipo vipimo vya damu vinavyoangalia sukari iliyonata kwenye protini badala ya seli, na vinavyoonesha hali ya wiki mbili au tatu zilizopita. Navyo vina udhaifu wake pale protini ya mgonjwa inapokuwa chini. Vipo pia vihisi vinavyobandikwa mkononi na kusoma sukari usiku na mchana, ambavyo vimewafunulia madaktari mengi kuhusu siku ya dayalisisi, ila bei yake bado ni kikwazo kwa walio wengi. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa nchini, chombo cha kutegemewa ni kile kile cha kuchoma kidole, pamoja na daftari lenye tarehe, saa, kipimo na maelezo mafupi: kabla ya chakula, baada ya chakula, kabla ya mashine, baada ya mashine. Ni vyema kidole kinachochomwa kiwe cha mkono usio na fistula.

Je, sukari ilengwe wapi? Hapa pia kanuni ya zamani hulegezwa. Tafiti mbili kubwa zilizojenga msingi wa kudhibiti sukari kwa ukali, DCCT ya mwaka 1993 na UKPDS ya mwaka 1998, hazikufanywa kwa watu wanaosafishwa damu. Kwa kundi hili, ushahidi mwingi unatokana na kufuatilia wagonjwa walivyoendelea, nao unaonesha kwamba hatari ya kifo huongezeka pande zote mbili, sukari inapokuwa juu sana na inapokuwa chini sana. Mwongozo wa madaktari wa kisukari wa Uingereza unalenga HbA1c ya kati ya asilimia 7.5 na 8.5 kwa mgonjwa wa dayalisisi anayetumia dawa zinazoweza kuishusha sukari kupita kiasi. Chama cha dayalisisi cha Japani, nchi yenye wagonjwa wengi wa namna hii, kinategemea zaidi sukari inayopimwa kabla ya mashine na kutaka isizidi kati ya 10 na 11. Mgonjwa aliyezoea kuambiwa abaki chini ya asilimia 7 asishangae daktari wa figo akiridhika na asilimia 8.

Siku ya mashine

Ratiba iliyozoeleka ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Ili kuelewa kinachotokea kwa sukari, tuchukue mfano wa mgonjwa aliyepangiwa zamu ya kwanza ya asubuhi. Anaamka saa 10 usiku kwa sababu kituo kiko mbali. Anachoma insulini yake ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, kama afanyavyo kila siku. Hali chakula, ama kwa haraka ya usafiri, ama kwa kuogopa kichefuchefu na kushuka kwa presha akiwa kwenye mashine. Anaunganishwa saa 12 asubuhi. Insulini ya namna hiyo hufikia kilele cha nguvu zake saa kadhaa baada ya kuchomwa, na kwa mwenye figo zilizoshindwa huchelewa kuisha. Kilele hicho kinamkuta yuko kitini, tumbo tupu.

Mashine nayo ina mchango wake. Damu hupita upande mmoja wa utando mwembamba na maji maalumu ya dayalisisi hupita upande wa pili, na sukari huvuka kuelekea kwenye kiwango kidogo. Maji mengi yanayotumika leo huwa na sukari, mara nyingi ya kiwango cha 5.5, kinachokaribiana na cha mtu mwenye afya. Mgonjwa aliyeingia na 16 atatoka na sukari iliyoshuka kwa kuwa ya ziada imevuka. Pale maji yasiyo na sukari yanapotumika, mwili hupoteza takriban gramu 15 hadi 30 za sukari kwa kikao kimoja, sawa na vijiko vya chai vinne hadi saba, na hatari ya kushuka huongezeka. Ni haki ya mgonjwa kuuliza kituo chake kinatumia maji ya aina gani. Ni swali la kawaida na muuguzi atalijibu.

Baada ya kikao mambo hugeuka. Sehemu ya insulini hunata kwenye kichujio wakati damu ikipita, na mwili ulioshushwa sukari hutoa homoni za kuipandisha. Mgonjwa akishakula chakula chake cha kwanza, sukari huweza kuruka juu mchana huo, kisha usiku ikashuka tena. Anayepima mara moja tu siku hiyo hawezi kuona safari yote.

Kwa sababu hizo madaktari wengi hupanga dozi mbili tofauti, moja ya siku za mashine na nyingine ya siku za kukaa nyumbani. Sindano ya asubuhi huweza kupunguzwa, au kusogezwa hadi mgonjwa atakapokula. Sukari ipimwe kabla ya kuunganishwa na baada ya kumaliza, na mgonjwa asipande gari kurudi nyumbani kabla kipimo cha pili hakijasomwa. Mwongozo wa Uingereza uliotajwa hapo juu unaelekeza kwamba mwenye sukari chini ya 7 kabla ya kuanza apewe gramu 20 hadi 30 za chakula cha wanga. Vipande viwili vya mkate wa kawaida hukaribia kiasi hicho.

Ugumu mmoja unahitaji macho ya muuguzi na ya ndugu. Dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, uzito wa kichwa na kuchanganyikiwa, hufanana na za presha kushuka wakati wa kusafishwa damu, na pia na uchovu ambao kila mgonjwa wa dayalisisi anaujua. Aidha, mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari, pamoja na baadhi ya dawa za presha kama atenololi na propranololi, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo, hivyo mgonjwa hufika kwenye kuchanganyikiwa bila onyo. Anayesinzia kupita kawaida au kujibu ovyo ndani ya daladala baada ya mashine asiachwe apumzike kwa kudhani amechoka. Apimwe.

Sukari ikishuka: kwa nini si madafu

Kipimo chini ya 4 ni sukari iliyoshuka na kinahitaji hatua papo hapo, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Ushauri uliozoeleka, hasa kwa wakazi wa Pwani, ni kumpa maji ya dafu, juisi ya machungwa au ya embe, ndizi mbivu ama tende. Kwa mwenye figo zima hakuna tatizo. Kwa anayesafishwa damu, vyote hivyo vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zake haziwezi kuyaondoa hadi kikao kijacho na ambayo yakizidi huweza kuusimamisha moyo. Kumwokoa mtu kwa sukari na kumwingiza kwenye hatari ya moyo ni kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa.

Kinachofaa ni gramu 15 za sukari ya haraka katika maji kidogo: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari ya mezani katika robo glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida isiyo nyeusi. Soda nyeusi zina fosfeti, nazo hazimfai mgonjwa wa figo. Soda zisizo na sukari hazisaidii kitu. Sukari ipimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini ya 4, kiasi hicho kirudiwe. Ikishapanda, mgonjwa ale kitu kidogo cha wanga, kwa mfano kipande cha mkate, kwa kuwa insulini iliyoishusha bado imo mwilini na inaweza kuishusha tena baada ya saa mbili au tatu. Asiye na fahamu asipewe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Tukio moja la namna hii linatosha kumfanya daktari apitie upya dozi. Lisisubiri tarehe ya kliniki.

Sukari ikipanda: kiu na maji

Kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi, sukari ya ziada hutoka na mkojo, na ndiyo sababu mwenye kisukari kisichodhibitiwa hukojoa sana na kukaukiwa maji. Anayesafishwa damu, ambaye mkojo wake ni kidogo au umekwisha, hana mlango huo. Sukari hubaki kwenye damu, huvuta maji kutoka kwenye seli na kumletea kiu kali. Anakunywa. Maji aliyokunywa hayana pa kutokea, hivyo anafika kwenye mashine akiwa ameongezeka kilo kadhaa juu ya uzito wake mkavu, presha iko juu, miguu imevimba na pumzi ni fupi. Wapo wanaogombezwa kila wiki kwa kunywa maji mengi wakati chanzo cha kiu yao ni sukari ya 20 ambayo hakuna aliyeipima. Kwa upungufu huo huo wa insulini, potasiamu nayo hutoka ndani ya seli na kujaa kwenye damu.

Hapa lipo jambo ambalo ndugu wanapaswa kulisema kwa sauti wanapofika hospitali yoyote wakiwa na mgonjwa mwenye sukari ya juu sana: kwamba anasafishwa damu, na siku ya mwisho ilikuwa lini. Matibabu ya kawaida ya sukari iliyopanda kupita kiasi huanza kwa dripu za maji kwa wingi. Kwa mgonjwa asiye na mkojo, wingi huo unaweza kumjaza maji mapafuni. Tiba yake hutegemea zaidi insulini inayotolewa kwa uangalifu, na pengine mashine yenyewe. Kadi au karatasi ndogo yenye maelezo hayo ikae pamoja na kitambulisho cha mgonjwa, kwani anaweza kufika akiwa hawezi kuzungumza.

Vidonge

Metformini, dawa inayotumiwa na wagonjwa wengi zaidi wa kisukari cha aina ya pili, hairuhusiwi kwa anayesafishwa damu, kwa kuwa hurundikana na huweza kusababisha tindikali hatari kwenye damu. Glibenklamidi pia haifai; huishusha sukari kwa muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya siku nzima, na mgonjwa aliyeshushwa nayo anapaswa kulazwa na kuangaliwa hata kama amezinduka. Katika jamii hiyo ya dawa, glipizidi huonekana salama zaidi. Linagliptini haihitaji kupunguzwa dozi, na sitagliptini hutumika kwa dozi ndogo. Dapagliflozini na empagliflozini hushusha sukari kwa kuifanya itoke na mkojo, hivyo kwa figo zilizokwisha hazina nguvu ya kuishusha.

Vidonge vya zamani vilivyobaki kabatini ndivyo huleta taabu. Ni busara mgonjwa anapoanza dayalisisi abebe dawa zake zote, za hospitali na za kununua, za kizungu na za asili, azimwage mezani mbele ya daktari au mfamasia.

Wanaosafishwa kupitia tumboni

Wachache hutumia njia ya kuingiza maji maalumu tumboni badala ya mashine. Maji hayo huwa na sukari nyingi kwa makusudi, ili yavute maji kutoka mwilini, na sehemu yake hufyonzwa. Kwa siku mgonjwa anaweza kupokea gramu 100 au zaidi za sukari bila kutia kitu mdomoni. Kwao insulini mara nyingi huhitaji kuongezwa. Aina moja ya maji hayo, ikodekstrini, huacha kwenye damu sukari ya namna nyingine ambayo baadhi ya mashine za kupimia huisoma kimakosa kama glukosi. Kipimo kikasoma 12 wakati sukari halisi ni 3, na mgonjwa akaongezewa insulini. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo kutokana na kosa hilo. Anayetumia ikodekstrini ahakikishe kwa wataalamu wake kwamba stripu zake ni za aina isiyochanganywa na sukari hiyo.

Chakula na kufunga

Mgonjwa hujikuta kati ya mashauri mawili yanayogongana. Kliniki ya kisukari ilimwambia ale dona, maharage, mboga za majani na matunda. Kliniki ya figo inamwambia apunguze potasiamu na fosforasi, ambazo zimo kwa wingi katika vyakula hivyo hivyo. Hakuna anayemdanganya. Katika dayalisisi, potasiamu na fosforasi hupewa kipaumbele, na sukari hudhibitiwa kwa kiasi cha chakula na kwa dawa. Ugali wa sembe wa kiasi kidogo unaweza kurudi mezani. Viazi na ndizi za kupika hukatwa vipande vidogo, huchemshwa kwa maji mengi na maji hayo humwagwa. Protini, aliyoambiwa aipunguze wakati figo zikidhoofika, sasa huongezwa hadi takriban gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maana nyingine hupotea kwenye mashine. Samaki, kuku na ute wa yai hufaa. Mtaalamu wa lishe wa kituo ndiye wa kuulizwa vipimo vya kila mtu.

Anayetapika au kushiba haraka baada ya kula kidogo amweleze daktari, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu huweza kulifanya tumbo lichelewe kupeleka chakula mbele. Insulini huwahi, chakula huchelewa. Wengine hupangiwa kuchoma mara baada ya kula, wakishaona kiasi walichokula.

Kuhusu Ramadhani, mwongozo wa kimataifa wa kisukari na funga huwaweka wagonjwa wa kisukari wanaosafishwa damu katika kundi la hatari kubwa kabisa na huwashauri wasifunge. Uislamu wenyewe unampa ruhusa mgonjwa, na ni vyema mazungumzo hayo yafanyike na daktari pamoja na sheikhe kabla ya mwezi kuandama. Tahadhari hiyo inamhusu pia Mkristo anayefunga Kwaresima kwa kukaa bila kula mchana kutwa.

Figo mpya, hesabu mpya

Baadhi ya wagonjwa wanaosafishwa damu hatimaye hupandikizwa figo. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kutoa huduma hiyo. Kwa mwenye kisukari, figo ikianza kufanya kazi hesabu ya sukari hugeuka tena, mara nyingi ndani ya siku chache. Figo mpya huanza kuiondoa insulini kama inavyotakiwa na kutengeneza sukari yake, hamu ya kula hurudi, na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, zikiwemo prednisoloni na takrolimasi, hupandisha sukari. Mtu aliyekuwa amesimamishiwa insulini kwa mwaka mzima anaweza kuruhusiwa kutoka wodini akiwa na dozi kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla figo zake hazijashindwa, na kwa miezi ya mwanzo hupima sukari mara kadhaa kwa siku, huku dozi ikirekebishwa kila prednisoloni inapopunguzwa.